Pua huweza kufifia kabla mkono haujatetemeka

Mnunuzi mzoefu wa dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza, haanzi na mizani. Hutumbukiza mkono ndani ya gunia, huchota konzi moja na kuipeleka puani. Harufu humwambia kama mzigo ulinyeshewa ukianikwa, na kama utafika Goma au Bujumbura ukiwa bado unauzika.

Pua ya namna hiyo ni mtaji. Ikififia, lawama huangukia mafua, vumbi la barabarani au umri, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Hilo lisemwe mapema, asije mtu akafunga biashara kwa hofu: wengi wanaopoteza harufu hawana ugonjwa wa ubongo.

Lakini kwa wagonjwa wengi wa Parkinson pua hudhoofika, na kwa baadhi yao hutangulia kutetemeka kwa miaka kadhaa. James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1817, aliamini kwamba hauigusi milango ya fahamu. Mwaka 2003 Heiko Braak wa Ujerumani na wenzake, baada ya kuchunguza bongo za marehemu, walionyesha kwamba huenda uharibifu huanzia kwenye shina la ubongo na kituo cha kupokea harufu. Baadaye ndipo hufikia seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo.

Tatizo ni kwamba harufu huondoka polepole, mwenyewe hana habari. Mara nyingi wa nyumbani ndiye hushangaa: mchuzi umeungua, mwenzake ameketi karibu na jiko na hakusikia kitu.

Dalili hiyo peke yake haitoshi. Ikifuatana na kufunga choo kwa muda mrefu, kurusha mateke na kupiga kelele usingizini kana kwamba mtu anapigana ndotoni, mwandiko unaozidi kuwa mdogo kwenye daftari la madeni, au mkono mmoja usiocheza wakati wa kutembea, safari ya kwenda kwa daktari isisubiri msimu uishe. Daktari huupima mwendo, si pua tu. Dawa ya levodopa huwarahisishia wengi mwendo, ingawa haiponyi ugonjwa wala hairudishi harufu.

Wakati huo, gunia anuse mwingine kabla ya fedha kutoka. Na nyumbani, mtungi wa gesi ufungwe kila baada ya kupika, kwa sababu ukivuja, pua hiyo haitamwamsha mtu.