Maziwa ya Mtoto Yaliyobaki Katika Chupa Yasiwekwe

Maziwa ya unga ya watoto wachanga hayauzwi kwa bei ndogo. Kwa hiyo si ajabu mama kuona uchungu anapotazama nusu ya chupa imebaki na mtoto amekwisha shiba. Huifunika ile chupa, akaiweka juu ya meza au kabatini, akingoja mtoto alie tena. Hafanyi hivyo kwa uvivu; ataka kuhifadhi mali ya nyumba yake. Lakini maziwa hayo yaliyobaki ndiyo yawezayo kumtia mtoto katika hatari kubwa, na gharama ya kumwuguza yaweza kupita bei ya kopo zima. Wazee walisema kweli: rahisi ghali.

Yapasa ikumbukwe kwanza kwamba hakuna maziwa ya kopo yaliyo sawa na maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na kupewa vyakula vingine mpaka atimize miaka 2 au zaidi. Maziwa ya mama hayahitaji moto wala kipimo, nayo humkinga mtoto na maradhi. Ndiyo sababu sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza maziwa ya kopo ya watoto wachanga yasitangazwe kwa wazazi. Walakini wako watoto wasio na budi kuyanywa: mama amefariki, au ni mgonjwa sana, au daktari ameagiza hivyo. Maelezo haya ni kwa ajili ya wale wanaowalea watoto hao.

UNGA HAUKOSI VIJIDUDU

Watu wengi hudhani kwamba kopo lililofungwa kiwandani halina kijidudu hata kimoja. Sivyo. Unga wa maziwa hukaushwa kwa ustadi, lakini viwanda haviwezi kuuondolea vijidudu vyote. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la Tennessee, Marekani, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake alipata homa ya uti wa mgongo akafa. Wachunguzi walikikuta kijidudu cha maradhi hayo, ambacho sasa huitwa Cronobacter, katika unga aliokuwa akinyweshwa. Walikikuta pia katika makopo ya namba ileile ambayo yalikuwa hayajafunguliwa bado. Maradhi haya hutokea mara chache, lakini ni makali mno, hasa kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao na wale ambao hawajatimiza miezi 2.

Katika unga mkavu vijidudu hivyo hulala tu, wala haviongezeki. Vikipata maji, sukari ya maziwa na joto, huamka. Vijidudu vya namna nyingi, vikiwa mahali pa joto, vyaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 au karibu na hapo, kimoja kikawa viwili. Hesabu yake ni hii: kijidudu kimoja huwa 8 katika saa 1, huwa 64 katika saa 2, na baada ya saa 4 huwa zaidi ya 4,000. Katika joto la mchana wa Mombasa au Kisumu chupa iliyo mezani ni shamba lenye rutuba.

Tena mtoto akiisha kunyonya, mate yake huingia katika chupa pamoja na vijidudu vya kinywani. Kwa hiyo maziwa yaliyobaki baada ya kunyonywa ni mabaya kuliko yale ambayo hayajaguswa. Wala mtu asijidanganye kwa kuyanusa au kuyaonja, kwa maana maziwa yaweza kuwa na vijidudu vingi sana yasibadilike harufu wala ladha. Kuyachemsha tena hakufai, kwa sababu baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo moto hauiondoi.

SAA ZA KUKUMBUKA

Sheria za kuhifadhi maziwa haya si nyingi. Maziwa yaliyotengenezwa na kuwekwa nje ya friji yatumike kabla ya saa 2 kupita tangu yalipokorogwa. Mtoto akiisha kuanza kuyanywa, amalize katika muda wa saa 1. Yatakayobaki yamwagwe, yasitiwe katika friji wala yasichanganywe na maziwa mapya.

Mwenye friji aweza kuweka maziwa ambayo mtoto hajayagusa kwa muda usiozidi saa 24. Yapozwe upesi, yawekwe ndani kabisa, si mlangoni, na friji iwe na baridi ya digrii 5 au chini yake. Ni vizuri kuandika saa juu ya chupa. Umeme ukikatika hata friji ikapoteza baridi yake kwa zaidi ya saa 2, maziwa hayo yamwagwe. Yasigandishwe kuwa barafu. Yakitakiwa, chupa isimamishwe katika maji ya moto kwa muda usiozidi dakika 15. Tanuri ya maikrowevu haifai, kwani hupasha moto sehemu moja ya maziwa kuliko nyingine, na mtoto huweza kuungua kinywa.

NYUMBA ISIYO NA FRIJI

Nyumba nyingi hazina friji, na mama wengi hutoka alfajiri kwenda kazini. Mfano wake ni mama auzaye mboga sokoni. Saa 12 asubuhi hukoroga chupa 3, akamwachia yaya. Chupa ya kwanza hunywewa papo hapo. Ya pili hunywewa saa 4, ikiwa imekwisha kaa saa 4 nzima. Ya tatu hunywewa saa 7 mchana, ikiwa imekaa saa 7. Mtoto akiharisha jioni, jirani husema ni meno yanaota. Lakini chupa zile mbili za mwisho zilikuwa zimekwisha pita wakati wake. Kuzitia katika themosi ili zikae na uvuguvugu ni vibaya zaidi, maana uvuguvugu ndio upendwao na vijidudu.

Njia iliyo njema ni kuacha unga na maji mbalimbali. Mama apime unga wa kila mlo, autie katika vyombo vidogo vilivyo safi na vikavu, kisha aache maji yaliyochemshwa katika themosi. Mtoto akilia, yaya akoroge mlo mmoja tu. Maji ya themosi yakiwa yamekaa hata moto wake umepungua, yachemshwe upya. Njia hii yawafaa pia wasafiri katika basi, ikiwa safari si ndefu.

Moto wa maji ni jambo kubwa. Maji yachemke hasa, kisha yapoe kidogo, lakini yasipungue digrii 70, kwa kuwa joto hilo ndilo linaloua vijidudu vilivyo katika unga. Lita 1 ya maji yaliyotoka kuchemka isiachwe zaidi ya nusu saa. Maji yatiwe kwanza, kisha unga. Halafu chupa ipozwe katika beseni la maji baridi, na matone machache yajaribiwe juu ya kifundo cha mkono kabla ya kumpa mtoto.

Usafi wa maji nao usidharauliwe. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha Botswana, na kuharisha kukaenea. Wachunguzi waliona kwamba watoto wasionyonya maziwa ya mama ndio waliolazwa hospitali kuliko wengine, na wengi walikufa. Mikono ioshwe kwa sabuni, na chupa na chuchu zake zisuguliwe kisha zichemshwe. Kikombe wazi ni rahisi kukisafisha kuliko chupa, na hata mtoto mchanga aweza kunyweshwa kwa kikombe polepole.

JINSI YA KUPUNGUZA HASARA

Dawa ya hasara si kuweka mabaki, bali ni kukoroga kidogo. Ikiwa mtoto huacha nusu ya chupa kila mara, chupa hiyo ni kubwa mno kwake. Atengenezewe mlo mdogo, na akiwa bado ana njaa akorogewe mwingine. Kipimo kifuate maandishi ya kopo: likiagiza kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa mililita 30 za maji, vijiko 2 hutiwa katika mililita 60. Isidhaniwe kwamba kuzidisha maji ni njia ya kuokoa unga, kwa maana mtoto hujaa tumbo lakini hapati chakula, akakonda. Kopo lifunikwe, likae mahali pakavu, na likiisha kufunguliwa litumike katika muda wa mwezi 1.

Mtoto mchanga akipata homa, akikataa kunyonya, akilegea, akishikwa na degedege, akitapika au akiharisha, asingojewe mpaka kesho. Apelekwe zahanati au hospitali mara moja, na mlezi amweleze daktari maziwa aliyokunywa na saa yalipokorogwa.

Nusu chupa iliyomwagwa ni hasara ya siku moja. Yaya, nyanya na dada wa mtoto waelezwe hivyo pia, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaoshika chupa wakati mama hayupo.