Kitabu kilisema gari si la babu

Kutu ya gari la kale huondolewa kwa msasa. Jina lisilokuwemo katika kitabu cha gari huandikwa kwa dawa gani?

NA MWANDISHI WETU

CHINI ya mparachichi, nyuma ya jiko la nyanya, limeegeshwa gari aina ya Peugeot 404 ambalo halijanguruma tangu mwaka 2001. Kuku hutaga katika kiti cha nyuma. Sisi wajukuu tulikwishalisafiria hadi Mombasa na kurudi, tena mara nyingi, bila gurudumu lake kuzunguka hata mara moja.

Miaka mitatu iliyopita alifika mnunuzi kutoka Nairobi. Hakuwa broka wa vyuma vikuukuu. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao, wenzao wakiota Prado mpya, wao huota gari lililoundwa kabla hawajazaliwa. Alilizunguka mara mbili, akafungua boneti, akapiga magoti na kuchungulia chini kwa tochi. Akatabasamu.

Kisha akamgeukia nyanya. "Nyanya, kitabu cha gari kipo?"

Nyanya aliingia ndani akarudi na mkebe wa biskuti. Kitabu kilikuwamo, chini ya vyeti vya ubatizo na risiti za karo. Panya walikuwa wamekitafuna pembeni lakini maandishi yalisomeka. Mgeni alikisoma, akakifunga, akamrudishia nyanya kwa mikono miwili.

Jina lililokuwa ndani halikuwa la babu.

Lilikuwa la mwalimu aliyemuuzia babu gari hilo mwaka 1979. Walihesabiana pesa, wakapeana mkono, babu akakabidhiwa ufunguo na kitabu, mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyekwenda kwa msajili wa magari kubadilisha jina. Kwa zaidi ya miaka 20 babu alikwenda na gari hilo sokoni, kanisani, harusini na hospitalini. Hata hivyo, serikalini lilibaki la mwalimu. Mwalimu alifariki. Babu naye akafuata mwaka 2004.

Mgeni alikunywa chai, akaaga, akaenda zake. Pesa alizotaja zilikuwa zimekwisha pangiwa kazi kabla hajamaliza kikombe: karo ya binamu yangu aliyekuwa kidato cha tatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafuatilia mambo ya wapenzi wa magari ya kale. Nimegundua kwamba ubishi wao mkubwa hauhusu injini wala rangi. Unahusu karatasi.

Nambari hutaja umri

Anayetaka kuwaona watu hawa kwa wingi na aende Ngong Racecourse, Nairobi, siku ya maonyesho ya Africa Concours d'Elegance. Mashindano haya yalianza mwaka 1970 na huandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. Hapo hakuna anayekimbia. Majaji hukagua gari kuanzia bodi hadi chini ya sakafu, na doa dogo la mafuta linaweza kumnyima mtu kikombe.

Kwa watu hawa Peugeot 404 si mkweche. Gari hilo lilishinda mbio za Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na wazee wengi bado hulitaja kwa heshima.

Lakini kabla ya kutazama bodi, mjuzi hutazama nambari. Magari mengi ya raia yaliyosajiliwa humu nchini kabla ya mwaka 1989 yalikuwa na herufi K, herufi nyingine mbili, kisha tarakimu, basi. Mwaka 1989 ulianza mtindo wa kuongeza herufi moja mwishoni, kuanzia KAA 001A. Orodha ya KBA ilifika mwaka 2007, KCA mwaka 2014, na KDA mwaka 2020. Hivyo basi, ukikutana barabarani na nambari isiyo na herufi ya mwisho, simama utoe heshima. Umekutana na mzee.

Wazee hao hawaongezeki. Sheria zetu haziruhusu, kwa kawaida, kuingiza nchini gari lililotumika likiwa limezidi umri wa miaka minane. Kwa familia ya kawaida, basi, magari ya kale ni yale tu yaliyokwisha kuwa hapa: chini ya miparachichi, nyuma ya magereji, na kando ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan.

Uhaba huo huleta tamaa. Mjanja hununua kitabu cha gari lililokufa, akagonga nambari ile ile ya chesisi katika gari jingine, akauza. Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu hulala chini kwa tochi. Husoma nambari iliyogongwa katika chuma, akailinganisha na ile iliyoandikwa katika kitabu, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, huondoka.

Waingereza nao walitupa vitabu

Usifikiri shida hii ni ya Waafrika peke yao. Uingereza, ambako tulirithi utaratibu wetu wa kusajili magari, ilianza kuyapa nambari Januari 1, 1904. Inasimuliwa kwamba bwana mmoja mkubwa, Earl Russell, alipanga foleni usiku kucha jijini London ili apate nambari A 1. Kuanzia mwaka 1921 kila gari likawa na kitabu chake, na kila mmiliki mpya aliandikwa chini ya yule aliyemtangulia. Kitabu kimoja kilibeba ukoo mzima wa gari.

Daftari kuu zilikaa katika mabaraza ya kaunti na miji. Katika miaka ya 1970 serikali ilianza kuhamishia kumbukumbu zote katika kompyuta mjini Swansea, Wales. Wenye magari waliambiwa wayaandikishe upya, na mwaka 1983 mlango ukafungwa. Gari lililokuwa limelala ghalani bila mwenyewe kujitokeza lilipoteza haki ya nambari yake.

Kibaya zaidi, baadhi ya mabaraza yaliona daftari zile hazina kazi tena. Nyingine zilitupwa, nyingine zikachomwa. Zilizookolewa ziliokolewa na maktaba za kumbukumbu na watu wa kujitolea. Shirika la Kithead Trust, lililoko Droitwich, limehifadhi nyingi kati ya hizo.

Leo Mwingereza akivumbua gari la kale ghalani, kazi yake ya kwanza ni kutafuta ushahidi wa karatasi: daftari la baraza, kitabu cha zamani, hata stakabadhi ya kodi. Huweka karatasi juu ya nambari ya chesisi na kuisugua kwa penseli hadi tarakimu zijitokeze. Klabu ya magari ya aina hiyo hukagua gari na kuthibitisha, kisha maombi hupelekwa Swansea. Akifanikiwa, hurudishiwa nambari ile ile ya zamani, lakini haruhusiwi kuihamishia gari jingine. Sharti hilo lina sababu. Kule nambari fupi huuzwa kwa pesa nyingi, na wapo waliowahi kuliangamiza gari zuri ili wabaki na nambari tu.

Ni gari au ni mashua?

Kumbukumbu za usajili pia ndizo zinazohifadhi habari za vioja. Mwaka 1950 kampuni ya Rover ilionyesha gari lililoendeshwa kwa injini ya tabo, jamaa ya zile za ndege. Lilisajiliwa JET 1, na hadi leo linajulikana kwa nambari yake ya usajili kuliko kwa jina jingine lolote. Limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi la London.

Katika kisiwa cha Man kiliundwa kigari kiitwacho Peel P50 kuanzia mwaka 1962. Kina magurudumu matatu, urefu wake ni sentimita 137, na hakikuwa na gia ya kurudi nyuma. Dereva aliyekwama alishuka, akakishika kwa nyuma na kukivuta kwa mkono kama toroli.

Halafu kuna Amphicar ya Ujerumani ya miaka ya 1960, inayotembea barabarani na kuogelea majini. Mwaka 1965 magari mawili ya aina hiyo yalivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Huko Marekani wenye magari haya hulazimika kuyasajili mara mbili: mara ya kwanza kama gari, mara ya pili kama mashua.

Nasi tuna letu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Mwaka 1990 magari matano ya majaribio yakazinduliwa, yakiitwa Nyayo Pioneer. Pesa za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana. Matano hayo ndiyo ukoo mzima. Hakuna Mkenya wa kawaida aliyewahi kushika kitabu chenye jina hilo.

Kesi ya pauni milioni 10

Swali linalowatoa jasho wapenzi wa magari ya kale ni hili: ukibadilisha injini, kisha bodi, kisha sehemu ya chesisi, je, gari ni lile lile?

Jibu moja lilitolewa na mahakama kuu ya London mwaka 1990. Gari lililogombaniwa ni Bentley liitwalo Old Number One, lililoshinda mbio za Le Mans nchini Ufaransa mwaka 1929 na tena mwaka 1930, akiwemo dereva Woolf Barnato mara zote mbili. Baadaye lilibadilishwa injini na bodi. Mwaka 1932 lilipata ajali katika uwanja wa Brooklands na dereva Clive Dunfee akafa. Likaundwa upya tena, safari hii kuwa gari la kawaida la barabarani.

Miaka mingi baadaye mwenyewe alikubali kuliuza kwa pauni milioni 10. Kampuni iliyonunua ikabadili nia, ikidai kwamba karibu hakuna chuma cha mwaka 1929 kilichobaki.

Jaji Otton alisikiliza historia ya gari hilo mwaka baada ya mwaka, sehemu baada ya sehemu. Akaamua kwamba ni lenyewe, kwa sababu maisha yake hayakuwahi kukatika na hakuna gari jingine duniani lililoweza kudai jina hilo. Mnunuzi akatakiwa alipe.

Pale London chuma kilikuwa kimebadilika karibu chote, na historia ikaliokoa gari. Kwetu chini ya mparachichi chuma ni kile kile kilichotoka kiwandani, hata boneti haijabadilishwa, na karatasi ikatuangusha.

Fungua mkebe wako leo

Msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna gari la mzee, usingoje mnunuzi aje ndipo utafute kitabu. Kitafute leo, usome jina lililomo. Kama aliyeuza bado yu hai, mwendeni pamoja mbadilishe umiliki. Shughuli hiyo sasa husimamiwa na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, na maombi hupitia mtandao wa eCitizen.

Kitabu kikiwa kimepotea, anzia kituo cha polisi upate abstrakti, ndipo uombe kingine. Kama mwenye jina amefariki, gari ni mali ya urithi kama shamba lilivyo. Familia itahitaji barua ya chifu, kisha mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Na ukibadilisha injini au rangi, mjulishe msajili. Gari lenye injini isiyofanana na kitabu huzua maswali ambayo mjukuu wako hataweza kuyajibu.

Tena usitupe karatasi kuukuu. Risiti ya gereji, cheti cha bima cha mwaka 1982, picha ya harusi inayoonyesha nambari ya gari: yote hayo ni mashahidi.

Sisi tulimtafuta kifungua mimba wa yule mwalimu, tukampata Nakuru. Hakujua kwamba katika kumbukumbu za serikali baba yake bado ana gari. Alicheka sana, kisha akanyamaza, akaomba aoneshwe sahihi ya baba yake. Aliitazama kwa muda mrefu. Amekubali kufuata mirathi ili gari lihamie kwetu kihalali. Barua ya chifu imepatikana. Mahakama bado.

Binamu yangu alikwisha maliza shule. Karo yake ilitokana na mtamba wa nyanya aliyeuzwa mnadani, mtamba ambaye hakuhitaji kitabu.

Juma lililopita nilipofika nyumbani, nilikuta kitabu kimetolewa katika mkebe na kutiwa ndani ya bahasha ya kaki, peke yake. Na kuku wamehamishwa.