Mapenzi ya Vijana Yasikate Udugu

Mvulana au msichana afikapo umri wa miaka 14 au 15, wazazi huanza kulalamika kwamba amebadilika. Hazungumzi wakati wa chakula, hujificha na simu yake, na rafiki aliyefuatana naye kila siku haonekani tena. Mara nyingi sababu ni moja: moyo wake umependa.

Jambo hili si geni. Zamani katika nchi ya Waluo, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, naye aliwafunza kwa hadithi na maonyo jinsi ya kukaa na wavulana. Kwa Wakikuyu, marehemu Mzee Jomo Kenyatta alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, kwamba urafiki wa vijana ulikuwa na sheria zake, na aliyezivunja alitengwa na rika lake. Huko Pwani, mwari alikuwa na somo wake. Basi mapenzi hayakuwa siri ya watu wawili: rika liliyaangalia, na mzee aliyasikia.

Shule za bweni na maisha ya mjini viliwatenga vijana na wazee hao, wala havikuweka mtu mahali pao. Baba hukemea, mama hunyamaza kwa haya, na kijana humwuliza mwenzake asiyejua zaidi yake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Hatari kubwa ni upweke. Ampendaye msichana kwa kweli hamwamuru aachane na shoga zake, wala hamfundishi kuwadanganya ndugu zake. Akikubali amri hiyo, siku mambo yaharibikapo hana pa kukimbilia. Mvulana naye hupoteza wenzake ambao wangemkanya mapema.

Hata binti akishika mimba, kumwoza si dawa, kwa maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inakataza ndoa ya aliye chini ya miaka 18. Tena mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 unamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua. Itakuwa aibu mlango wa shule uwe wazi na wa nyumbani umefungwa.

Mzazi aonaye haya na amwombe shangazi au mjomba azungumze na kijana kwa upole, angali anasikia. Udongo uwahi ungali maji.