Je, Wajua? Alijificha Mchana Kweupe

Si kila Myahudi aliyejificha kwa kuwahofia Wanazi alikaa darini au chini ya sakafu. Edith Hahn, Myahudi wa Vienna aliyesomea sheria, alijificha mbele ya macho ya Wanazi wenyewe.

Mwaka 1942 rafiki yake asiye Myahudi, Christl Denner, alimpa vyeti vyake, kisha akaenda polisi kuripoti kwamba vimetumbukia katika mto Danube. Akapewa vingine. Tangu hapo wasichana wawili wakawa wanatembea na jina moja: mmoja Vienna, mwingine Munich.

Huko Munich, Edith alichumbiwa na Werner Vetter, mwanachama wa chama cha Nazi. Akamnong'oneza ukweli. Werner akamwoa vivyo hivyo!

Mwaka 1944, uchungu ulipomshika, Edith alikataa dawa ya kutuliza maumivu. Alihofia kwamba akilewa dawa, ulimi ungeteleza na siri ingemtoka mbele ya wauguzi. Akajifungua binti huku ameuma meno.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, alifanya kazi ya hakimu mjini Brandenburg. Karatasi zake, za kweli na za kuazima, zimehifadhiwa katika makumbusho ya mauaji ya Wayahudi jijini Washington.