Kibofu Kipya na Maji ya Lambo

Kibofu cha mkojo ni kifuko cha misuli kinachotanuka na kusinyaa siku zote za maisha ya mtu. Kwa mtu mzima huchukua kiasi cha mililita 400 hadi 500. Kikipoteza ulaini wake, mkojo huweza kurudi juu na kuziharibu figo. Na figo zikishindwa kazi, uhai wenyewe umo hatarini.

Msafiri afikaye Kigongo, wilayani Misungwi, ambako tangu mwaka 2025 Daraja la J.P. Magufuli limeunganisha ng'ambo hiyo na Busisi, huyaona maji mengi ya Ziwa Victoria. Hata hivyo, adui mkuu wa kibofu katika mkoa huu hayumo sana ziwani. Ufukoni hupatikana zaidi kichocho cha tumbo. Kichocho cha mkojo huenezwa na konokono wa jamii ya Bulinus, ambao huishi zaidi katika malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga yaliyo mbali na ufuko.

Minyoo ya kichocho hiki hukaa katika mishipa ya damu inayokizunguka kibofu, na humo hutaga mayai. Mengine hutoka pamoja na mkojo, ndipo damu ionekanapo. Mengine hunasa katika ukuta wa kibofu. Makovu hufanyika, chokaa hujijenga, na miaka ikipita ukuta huwa mgumu. Wagonjwa wengine hupata saratani.

Je, kibofu kilichoharibika chaweza kutengenezwa upya? Wapasuaji wamezoea kukipanua kwa kipande cha utumbo. Lakini utumbo umeumbwa ili ufyonze na kutoa ute. Hivyo baadhi ya chumvi za mkojo hurudi katika damu, na mawe huweza kufanyika.

Mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake, huko Marekani, walitangaza njia nyingine. Walikata kipande kidogo cha kibofu cha mgonjwa mwenyewe, wakatenga seli za misuli na za utando wa ndani, wakazikuza maabarani, kisha wakazipanda juu ya kiunzi chenye umbo la kibofu, kiwezacho kuyeyuka mwilini. Baada ya wiki chache kiunzi hicho kilishonwa penye kibofu cha zamani. Wagonjwa 7, watoto na vijana waliozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo, walitibiwa hivyo. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2014 na kuhusu wagonjwa 10 wenye kasoro hiyo hiyo, halikuleta nafuu iliyotarajiwa, na madhara yake yalikuwa mazito.

Kwa mgonjwa wa kichocho ugumu huongezeka, maana mbegu ya kibofu kipya ingetoka katika kibofu kile kile kilichojaa makovu. Kinga, basi, ndiyo iliyo karibu. Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo wazima kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mwanafunzi wa kilo 45 huhitaji miligramu 1,800, yaani vidonge 3 vya miligramu 600. Dawa hiyo haizuii kuambukizwa tena. Kwa hiyo vyoo na maji safi havina budi kuifuata. Naye mwanafunzi aonaye damu katika mkojo wake asione haya kwenda zahanati mapema, maana makovu ya mwanzo huweza kupona, ilhali kibofu kilichokwisha kuwa kigumu bado hakijapata mbadala wa kutegemewa.