Likizo Ndefu: Namna Mwanafunzi wa Shule ya Upili Anavyoweza Kupata Nafasi ya Kujifunza Kazi

Mtihani wa KCSE ukimalizika mwezi wa Novemba, vijana wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe huanza kungoja. Matokeo hayajatoka, na masomo ya chuo kikuu kwa kawaida huanza Agosti au Septemba mwaka unaofuata. Hiyo ni miezi tisa hivi ya kukaa nyumbani. Wanafunzi ambao bado wako shuleni nao wana likizo ya Aprili na ya Agosti, ambazo ni fupi, na ile ndefu ya Novemba na Desemba.

Muda huo ndio mawakala bandia huutumia. Mzazi huambiwa kuna nafasi bandarini au uwanja wa ndege, ila atume kwanza pesa za fomu au za sare. Pesa zikishatumwa, simu haishikwi tena. Ndiyo maana ni muhimu kila familia ijue nafasi zilizopo hasa ni zipi na zinaombwa vipi.

Nafasi zipi ni za nani?

Mafunzo ya nyanjani katika mashirika makubwa ya umma, kwa mfano Halmashauri ya Bandari (KPA), hutengewa wanafunzi wa vyuo na vyuo vikuu, ambao huombwa barua kutoka chuoni. Uanagenzi katika utumishi wa umma nao ni wa waliokwisha kuhitimu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, au aliyemaliza cha nne juzi, hayumo katika mipango hiyo. Anayemuahidi nafasi hizo kwa malipo anamdanganya, kwa kuwa nafasi za serikali haziuzwi.

Anachoweza kupata ni nafasi ndogo ya kujifunza kazi karibu na nyumbani, kwa wiki mbili hadi sita, akiiomba mwenyewe kwa mwenye kazi. Mara nyingi nafasi ya namna hii haitangazwi popote. Hupatikana kwa kuulizia.

Pa kuanzia

Changamwe kuna gereji za Magongo na ofisi za mawakala wa forodha, ambako kijana anaweza kujifunza kupanga hati na kuingiza rekodi kwenye kompyuta. Kisauni, kuanzia Bamburi hadi Shanzu, kuna hoteli, maduka ya dawa, karakana za useremala na mafundi wa simu. Likoni kuna maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi cherehani, na vikundi vya usimamizi wa ufuo vya wavuvi, ambavyo huweka hesabu za samaki wanaoletwa nchi kavu. Anayeishi Likoni akipata nafasi kisiwani, akumbuke kwamba kivuko cha feri ni bure kwa waendao kwa miguu. Nauli yake itakuwa ya matatu pekee.

Wanaopenda huduma kwa jamii wanaweza kuulizia kujitolea katika tawi la Msalaba Mwekundu, maktaba, shule za chekechea, au ofisi za msikiti na kanisa. Wanafunzi wa shule ya juu walioanza gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026 wana somo la mafunzo ya huduma kwa jamii. Hao wamuulize kwanza mwalimu wao kama kazi ya likizo inaweza kuhusishwa na somo hilo.

Namna ya kuomba

Kwanza, mwanafunzi aombe barua ya utangulizi shuleni kabla shule hazijafungwa. Aliyekwisha kumaliza anaweza kuiomba kwa mwalimu mkuu wake wa zamani, au kwa chifu wa eneo lake. Pili, aandike barua fupi ya maombi na kuipeleka mwenyewe asubuhi, wateja wakiwa bado wachache. Haihitaji maneno makubwa. Inaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na ninaishi Mtongwe. Naomba kujifunza kazi katika duka lako mwezi wa Desemba, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Ningependa kujifunza kupokea bidhaa na kuweka hesabu. Nambari ya simu ya mzazi wangu iko hapa chini."

Barua inayotaja siku, saa na kazi humrahisishia mwenye duka kukubali, kwa kuwa anajua anaombwa nini. Akikataa, kijana amshukuru na kuulizia kwa jirani. Si ajabu kuzunguka sehemu kumi kabla ya kupata moja.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Aliye kati ya miaka 13 na 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kusoma. Aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kufanya kazi viwandani kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vilevile aliye kati ya miaka 13 na 16 hatakiwi kuendesha mitambo ya kiwanda, isipokuwa awe chini ya mkataba rasmi wa uanagenzi.

Kwa hivyo, kijana anayejifunza gereji hapaswi kuachiwa kazi peke yake, na anayejifunza dukani hapaswi kugeuzwa mpakuzi wa malori. Kabla ya siku ya kwanza, mzazi afike mahali pa kazi na kuuliza mambo manne: nani atamsimamia mwanangu, atafanya nini, ataondoka saa ngapi, na je, atapewa nauli na chakula? Majibu yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu.

Mtoto akidhulumiwa au akitumikishwa, ripoti itolewe kwa chifu, afisa wa watoto au kituo cha polisi. Nambari ya kusaidia watoto ni 116, na kupiga ni bure.

Siku ya mwisho

Kijana asiondoke bila barua inayoonyesha tarehe alizofanya kazi, aliyojifunza, na sahihi ya msimamizi. Barua hiyo aihifadhi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Atakapoomba mafunzo ya nyanjani akiwa chuoni, au kibarua chake cha kwanza, itakuwa ushahidi kwamba aliwahi kuaminiwa na kazi akaimaliza.