Igitaramo: Neno Linalongoja Kupokewa

Jua likizama ng'ambo ya Ziwa Kivu, mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, huondoka Gisenyi, Rwanda, ikiwa imeungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu. Wavuvi hupiga makasia wakiimba. Mmoja anaanzisha, wenzake wanapokea, na makasia yanakwenda kwa mapigo ya wimbo. Anayeanzisha akipokewa vibaya, mtumbwi mzima unakosa mwendo. Nimeanza na wavuvi kwa sababu mila ninayotaka kuieleza ni hiyo ya kupokea, na waandishi wa mji huu waliirithi kabla hawajashika kalamu.

Wanyarwanda huita baraza lao la jioni igitaramo. Zamani, ng'ombe wakishakamuliwa na moto kuwashwa, jamaa na majirani waliketi pamoja, pombe ya ndizi ikazunguka. Watoto walitegeana vitendawili: mmoja anaita "Sakwe sakwe!" na wenzake wanajibu "Soma!", kama vile sisi tunavyosema "Kitendawili!" na "Tega!" Kisha mwanamume angesimama na fimbo au mkuki wake, akatamka majigambo yake kwa kasi, maneno yakifuatana kama mvua juu ya bati, huku wazee wakisikiliza kama ataishiwa pumzi kabla ya kufika mwisho. Mpiga inanga, ala ya nyuzi, naye alikuwa na zamu yake. Msikilizaji alikuwa na kazi pia: kuitikia, kucheka panapostahili, kukumbuka, na kesho yake kumkosoa aliyeteleza.

Kwenye ikulu ya wafalme mila hii ilikuwa taasisi kamili. Masimulizi ya kale yanamtaja Nyirarumaga, mama mlezi wa Mfalme Ruganzu Ndori, kuwa ndiye aliyewakusanya washairi katika baraza lao, Intebe y'Abasizi, na kuunganisha tungo fupi za awali kuwa mashairi marefu. Familia za washairi zilisamehewa kazi za sulubu za ikulu ili watoto wao wapate nafasi ya kukariri tungo za babu zao, neno kwa neno. Utungo ambao haukuingia katika kichwa cha mtu mwingine ulikufa pamoja na mtunzi wake. Padri Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912, alizunguka kwa wazee waliokariri na kuandika walichohifadhi. Kitabu chake kuhusu ushairi huo wa kifalme kilitoka mwaka 1951. Bila wazee hao asingekuwa na cha kuandika.

Sasa niseme jambo ambalo mtu hawezi kulikwepa anapozungumzia waandishi wa Gisenyi. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililoanza mwaka 1990 na kueneza chuki dhidi ya Watutsi, ni mzaliwa wa Rubavu, katika mkoa wa Gisenyi wa wakati huo. Simon Bikindi, mtunzi wa nyimbo aliyesifika nchi nzima, alitoka mkoa huohuo wa Gisenyi. Mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyohukumu mauaji ya kimbari ya 1994, ilimtia hatiani mwaka 2008, si kwa nyimbo zake, bali kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, akihimiza Watutsi wauawe. Ninapofikiria barabara ile naona kinyume kabisa cha igitaramo. Kipaza sauti juu ya gari kinapita, hakuna anayeweza kukisimamisha kwa swali, wala kukiambia, "Hapo umekosea, mwana wa fulani." Waliotajwa katika maneno yale hawakuwa na zamu ya kusema.

Ndiyo maana naamini kwa moyo wote kwamba waandishi wa hapa wanaposomeana kazi zao ana kwa ana wanafanya jambo lenye uzito. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili, katika majuma ya kumbukumbu ya mauaji hayo, vijana waliozaliwa baada ya 1994 husimama na mashairi yao mbele ya walionusurika. Huwezi kuandika ovyo ukijua kwamba mama aliyezika watoto wake ameketi mstari wa mbele. Uso wake unakuhariri kabla hujafungua kinywa.

Furaha nayo ina jukwaa lake. Kwenye harusi, mahari inapokabidhiwa, mghani wa ng'ombe bado huja na fimbo yake ndefu, akawasifu ng'ombe mmoja mmoja kwa majina na uzao wao. Wengi siku hizi hulipwa kwa kazi hiyo, na sioni ubaya, maadamu wageni wanajua kuitikia. Wasipojua, mghani anaishia kuwa burudani tu kati ya soda na chakula.

Na Gisenyi ina bahati ambayo Kigali haina: jirani yake ni Goma, mji wa Congo ng'ambo ya mpaka. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, hapa hakikusubiri sheria. Kilikuwa kikivuka kivuko cha mpaka cha Petite Barrière kila asubuhi na wachuuzi wa nyanya, sambaza na vitenge. Goma ina vijana wa slamu, ushairi wa kutamkwa jukwaani, wakiwemo wa Goma Slam Session, wanaochanganya Kifaransa na Kiswahili chao cha mjini bila kuomba radhi. Mshairi wa Kinyarwanda akiketi nao, kila mmoja hulazimika kueleza alichomaanisha, na katika kueleza huko mistari mingi mibovu hugundulika.

Mwaka 2022, baada ya askari wa Congo kuuawa pale mpakani, Congo ilianza kufunga mpaka saa tisa alasiri, na vita vilivyofuata vilizidi kuwatenganisha watu wa miji hii miwili. Igitaramo ni cha jioni kwa asili yake. Lakini mpaka unapofungwa mapema namna hiyo, basi na kifanyike asubuhi, wageni wa Goma wapewe zamu ya kwanza, na wasomewe na wenyeji kabla hawajakimbilia mpakani.